Eti Pilipili ya Bernadeta Ina Sumu

Bibi Yustina alikuwa na siku mbili tu kaburini, watu wa cheti wakaja kukagua.

Wangeweza kurudi wiki ijayo. Gari waliliacha chini kanisani Matombo maana juu halipandi, wakapanda kwa miguu na viatu vyao vya bei mpaka uwanjani kwa Bernadeta. Wakakuta mikeka imetandikwa, wanaume wamekaa upande huu, wanawake upande ule, sufuria la maharage linachemka. Mtu mwenye akili zake akikuta msiba anatoa pole, anaondoka. Lakini Leonard, meneja wa mashamba wa kampuni ya Mlima Safi, akasema ratiba haiguswi, mkaguzi ana ndege ya kuwahi.

Na huyu Leonard si mgeni, jamani. Mtoto wa Matombo kabisa, kabatizwa parokia hiyo hiyo, kala ndizi za milima hiyo hiyo.

“Shikamoo mama,” akamwambia Bernadeta, kainama kwa adabu zote. “Pole sana na mama. Hatukai sana. Tunaangalia shamba, tunaongea na watu wawili watatu, tunakwenda.”

“Marahaba, baba. Sasa leo, na watu wote hawa?”

“Ndiyo cheti chenyewe, mama. Kinataka ghafla.”

Cheti. Tangu ushirika ufe na serikali ijitoe kununua mazao, mwenye lori ndiye aliyekuwa anapanga bei. Walanguzi walikuja na mizani zao zilizolegea, ukilalamika wanawasha gari. Ndipo wakaja Mlima Safi. Wakasema Ulaya kuna watu wanalipa mara mbili kwa pilipili manga isiyopuliziwa dawa, iliyolimwa bila kuharibu mlima, na mkulima wake hakudhulumiwa. Kinachotakiwa ni cheti tu, na kila mwaka anakuja mkaguzi kuhakikisha. Bernadeta na mumewe Athanas wakaingia kwenye kikundi. Mwaka wa kwanza walipaua nyumba bati. Mwaka huu walitaka kumlipia kijana wao Innocent chuo cha ufundi, aache ukuli kwenye maghala ya Bigwa. Pilipili ilikuwa imezaa mpaka mashina yameinama.

Mkaguzi alikuwa mzungu mrefu, pua inabambuka kwa jua. Mkalimani wake anaitwa Jesca, binti wa Dar, mpole, jasho linamtiririka. Wakasimama pembeni ya mikeka, na hapo ndipo Yeremia alipowaona.

Yeremia alikuwa mtani wa ukoo wa marehemu, na siku hiyo alikuwa kazini. Kajifunga kitenge cha bibi Yustina kifuani, kavaa kilemba chake, anatembea kwa kuchechemea vile vile alivyokuwa anachechemea bibi. Wafiwa waliokuwa wanalia asubuhi sasa walikuwa wanashika mbavu.

“Mnalia nini nyie?” alikuwa anasema. “Bibi kaniaga mwenyewe! Kasema anaondoka kwa sababu pua ya mkwe wake Athanas inamaliza hewa ya nyumba nzima.”

Athanas akaficha pua kwa kofia. Watu wakacheka. Yeremia akageuka, akamwona mzungu, macho yakamtoka kwa furaha.

“Lo! Mgeni! Umekuja kuchukua maiti? Umechelewa, tumeshafukia! Unataka kujua kilichomuua bibi? Pilipili! Huyu hapa Athanas, mwoneni alivyojikunyata, kila usiku anabeba bomba mgongoni. Anapulizia dawa ya mende, ya kupe, ya panya, zote anachanganya ndoo moja! Bibi kaonja punje moja tu, kwisha habari yake. Hata mbu huku hakuna tena, wote wamehamia Kisaki!”

Uwanja mzima ulilipuka. Bernadeta mwenyewe, mfiwa, alicheka mpaka kanga ikamdondoka kichwani. Leonard alicheka mpaka akavua miwani akafuta machozi. Jesca naye akatabasamu, kisha akatafsiri, maana kazi yake ni kutafsiri.

Mkaguzi hakucheka. Alitoa kalamu.

“Anauliza,” Jesca akasema, “hiyo dawa anapulizia mara ngapi?”

Sasa mwulize mtani swali kama hilo uone. “Mara ngapi? Kila Jumamosi, akitoka kuungama!”

Kicheko kingine. Kalamu inakwenda.

Leonard akavaa miwani, akaiona ile kalamu. Hapo, ndugu zangu, ndipo neno moja tu lilitakiwa. Utani. Angemshika mkaguzi bega, akamwambia huyu mzee ni mtani, leo hata akisema marehemu alikuwa tembo usiandike. Lakini Leonard akageuza shingo, akaangalia shamba lilivyozaa. Alijua mezani kwake Bigwa kuna barua kwamba bei Ulaya imeshuka, na kampuni imeshawaahidi wakulima bei ya mwaka jana. Akafunga mdomo wake.

*

Kikundi kilikuwa kinapimia pilipili kwenye ghala la chini, karibu na barabara. Siku ya mapimo Bernadeta aliteremka na kiroba kichwani, Athanas nyuma yake na viwili begani. Wakapanga foleni, wakasalimia. Watu waliitikia wakiangalia kwingine.

Ilipofika zamu yao, mpimaji hakugusa kiroba. Alimwita Josephina, mwenyekiti wa kikundi, mama mwenye sauti ya kwaya, na siku hiyo ile sauti haikutoka.

“Mama Innocent, njoo pembeni.”

“Pembeni kuna nini? Sema hapa hapa.”

“Shamba lenu limefungiwa.”

“Limefungiwa na nani? Lina mlango?”

Wengine wakataka kucheka, wakajizuia. Josephina akavuta pumzi. “Mkaguzi kaandika mnapulizia dawa. Shahidi yupo, kasema mbele ya watu.”

Athanas akatua viroba. “Shahidi gani?”

“Yeremia.”

Bernadeta akaanza kucheka. Alicheka peke yake. Alipoona yuko peke yake akanyamaza.

“Josephina, wewe ulikuwepo. Ulikaa pale karibu na sufuria. Ulicheka mpaka ukakohoa.”

“Nilicheka.”

“Sasa?”

“Sasa sijui, shoga yangu. Wanasema mpaka Ijumaa mwenye shamba akiri na kuomba msamaha kwa maandishi, akae nje ya kikundi miaka mitatu ardhi isafike. Akikataa, wanatufungia wote. Watu arobaini, Bernadeta. Kikundi kizima kinaonekana kinafichiana.”

Bernadeta akainua kiroba chake. Alipokuwa anatoka, mpimaji, kijana aliyekula kwake juzi tu msibani, alichukua ufagio akafagia pale kiroba kilipokuwa kimekaa. Akaona haitoshi, akaleta kopo la maji. Akamwaga, akasugua. Bernadeta alisimama mlangoni akamwangalia anavyosugua mpaka akamaliza.

“Umebakiza hapo,” akamwambia. “Na hapo nilipokanyaga.”

*

Yeremia aliposikia hakulala. Asubuhi alivaa shati lake la kanisani, akapanda lori la ndizi mpaka Bigwa, kwenye ofisi ya Mlima Safi. Getini wana kibao kikubwa kimechorwa jani la kijani na mikono miwili inashikana.

Alikaa kwenye benchi mpaka jua likahama upande wa pili. Watu waliingia, wakatoka. Mwishowe Leonard akatoka na funguo za gari mkononi, akamkuta.

“Ahaa, mtani! Karibu mjini. Leo hujavaa kitenge?”

“Mwanangu Leonard, sijaja kwa mchezo. Nimekuja kusema ukweli. Yale maneno ya msibani yalikuwa utani.”

“Sasa mzee, mbona ulisema mwenyewe?”

“Nilisema! Si ndiyo kazi yangu? Baba yako alipokufa, nani alivaa koti lake akaenda kudai mahari kwa mama yako? Si mimi? Ulinipeleka polisi?”

Vijana wawili wa ghalani walikuwa wanapita, wakaanza kutabasamu. Walimjua Yeremia. Kila mtu upande ule alimjua Yeremia.

“Athanas hana bomba,” Yeremia akaendelea. “Hajawahi kuwa nalo. Hata hela ya kununulia bomba hana. Naapa kwa Mungu aliyeniumba. Mwite huyo mzungu nimwambie.”

Na alipoapa, machozi yakamtoka. Mzee mzima, kwenye benchi la watu, anafuta macho kwa mkono wa shati la kanisani.

Wale vijana wakapasuka kwa kicheko. Walidhani ndiyo ameanza. “Mwone, mwone anavyolia! Mzee Yeremia noma! Ongeza, mzee, ongeza!”

“Siigizi!” Yeremia akapiga kelele. “Siigizi, washenzi nyie!”

Ndiyo wakazidi. Jesca alikuwa dirishani, karatasi mkononi. Yeye hakucheka. Alimwangalia yule mzee, akamwangalia Leonard, rangi ikambadilika.

“Bwana Leonard,” akasema taratibu. “Kumbe ilikuwa utani?”

“Jesca, ripoti imeshakwenda. Ukaguzi hauna utani.” Akamgeukia Yeremia, akamwekea noti kwenye mfuko wa shati, akampapasa mgongoni. “Nauli hiyo, mzee. Nenda kapumzike.”

Yeremia alirudi juu kwa lori la mwisho. Uongo wake aliusema akicheza, ukaandikwa ripoti. Ukweli wake aliusema akilia, akapewa nauli.

*

“Nakwenda kusaini,” Athanas akasema Alhamisi, wakiwa jikoni.

Bernadeta alikuwa anakuna nazi. Hakuacha kukuna. “Kusaini nini?”

“Unajua nini.”

“Utaandika umepulizia sumu?”

“Nitaandika wanachotaka. Ni karatasi, mke wangu. Umeona leo kisimani? Mama Upendo kamwaga maji yake yote aliposikia umetangulia kuchota. Jana wametukatia mfereji, eti maji yakipita shambani kwetu yanateremka na dawa. Mimi siwezi kuishi hivi.”

“Huwezi wewe, au hatuwezi wewe na mimi?”

“Watu arobaini, Bernadeta! Wana watoto. Bei ya mlanguzi unaijua.”

Akaacha kukuna. “Athanas, shamba la nani hili?”

Athanas alijua swali linakokwenda. Kwa Waluguru ardhi inapita kwa mama. Shamba lile lilikuwa la lukolo, ukoo wa bibi Yustina, likatoka kwake likaja kwa Bernadeta, na Athanas alikuja pale na jembe lake kuoa. Lakini watu wa kampuni walipokuja kuandikisha waliuliza baba wa nyumba ni nani, wakamwandika yeye mwenye shamba. Siku ile alicheka, akasema, “Mimi hapa mkwe tu.” Wakamwambia haina shida, fomu inataka jina la baba.

“Mama yangu kalima pale mpaka mgongo ukapinda,” Bernadeta akasema. “Mbolea yake majani na mavi ya mbuzi. Hajamaliza hata arobaini. Halafu wewe, mkwe, unakwenda kuandika ardhi yake ina sumu?”

“Kwao mimi ndiye mwenye shamba.”

“Na kwetu?”

Ijumaa Athanas alitoka mapema, akateremka. Josephina alimshika mkono kwa mikono miwili, akamshukuru kwa niaba ya wote, akamkalisha kwenye kiti, si benchi. Karatasi ilikuwa imeshachapwa. Ilisema yeye Athanas alipulizia dawa zilizokatazwa kwa tamaa, anajuta, anaishukuru kampuni kwa kumwelimisha. Aliposaini, mpimaji akampa soda ya moto. Aliinywa yote. Hakujua afanye nini kingine na mikono yake.

Jioni hiyo Bernadeta alimpakulia chakula chake kama kawaida, akakiweka mezani, akaenda kula kwa Yeremia.

*

Pilipili haingoji mtu apoe hasira. Ilikuwa imekauka, mvua zinakaribia, lazima iuzwe. Basi akaja mlanguzi na lori bovu, amesikia kwamba kwa Athanas kuna mzigo umekataliwa. Akashika punje, akanusa, akatema mate.

“Hii ya dawa hii. Nakusaidia tu, mama.”

Akataja bei. Haikufika hata nusu ya ile ya kikundi. Athanas akaangalia chini. Bernadeta akasema, “Pakia,” akaingia ndani ili asione.

Siku ya pili yake Innocent, kijana wao, alikuwa Bigwa kwenye kazi yake ya ukuli. Msimamizi akawaita: kuna lori linashusha ghala la Mlima Safi, fasta fasta. Innocent akaweka begani kiroba cha kwanza, akaweka cha pili, cha tatu akasimama nacho. Kilikuwa kimezibwa tundu kwa kipande cha kanga. Kanga ya bibi yake. Ile ya mauamaua ya zambarau, aliyokuwa amefungiwa mgongoni nayo yeye mwenyewe.

“Huu mzigo unatoka wapi?” akamwuliza dereva.

“Kwa mama mmoja juu Matombo huko. Wewe shusha.”

Ndani walikuwa wanafungua viroba, wanamwaga kwenye magunia mapya meupe, magunia yenye lile jani na ile mikono inashikana. Leonard alisimama pale na kikombe cha kahawa, anahesabu magunia kwa kidole.

“Bosi,” Innocent akasema. “Hii si ile ya sumu?”

Leonard akamwangalia. Hakumjua. Makuli wote ni makuli. “Wewe umeajiriwa kuuliza?”

“Hapana, bosi.”

“Shusha.”

Akashusha. Alishusha mzigo wa mama yake wote, mpaka kiroba cha mwisho, akalipwa ujira wake. Jumapili alipanda nyumbani, akawaambia baba na mama. Aliongea anapiga goti kwa ngumi.

Athanas alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akatoka nje akaenda kusimama shambani, peke yake, akakaa huko sana.

“Twende kwa diwani,” Innocent akasema. “Twende redioni!”

“Na nini mkononi?” mama yake akamjibu. “Baba yako keshasaini.”

*

Leonard hakutosheka. Wiki tatu baadaye alikuja tena, na mzungu yule yule, na Jesca, na kijana wa kamera. Josephina alikuwa ametumwa mapema kuleta habari: kampuni imepata cheti chake, inatengeneza kijitabu cha kuwaonyesha Ulaya, na wamemchagua Athanas awe mfano. Mkulima aliyekosea, akaelimishwa, akabadilika. Wameleta hata fulana.

“Kubalini tu,” Josephina alisema, na hakuweza kumwangalia Bernadeta usoni. “Labda watawapunguzia ile miaka mitatu.”

“Waje,” Bernadeta akasema. “Nitawapikia chai.”

Wakaja. Jua kali, mlima umewatoa ulimi nje. Leonard alikuwa wa kwanza kufika uwanjani, shati limelowa.

“Shikamoo mama! Mnaendeleaje?”

“Marahaba, mwanangu. Kaeni. Mmechoka.”

Athanas alikuwa amekalishwa kwenye kigoda mbele ya mashina ya pilipili, kavaa fulana mpya yenye jani kifuani. Kijana wa kamera akampanga: geuka huku, shika kichala, tabasamu kidogo, mzee, tabasamu kama umefurahi. Athanas akajaribu. Midomo ikatanuka, macho yakabaki pale pale.

Bernadeta akaleta chai ya viungo kwenye sinia, inatoa mvuke, imekolea. Akampa mkaguzi kikombe kwa mikono miwili, akampa Leonard, akampa Jesca.

“Jesca, mwambie mgeni,” akasema, “nimeweka tangawizi, mdalasini, na pilipili manga ya shamba hili hapa. Ya mwaka huu huu.”

Jesca akatafsiri. Mkaguzi akaangalia kikombe. Akatabasamu, akashika tumbo, akasema kitu, akakiweka chini taratibu kwenye sinia. Ana haki, ripoti kaiandika mwenyewe.

Leonard hakuweka chini. Alikuwa na kiu, na ile ni chai ya kwao, harufu ya jiko la mama yake. Akapuliza, akanywa. Akanywa tena mpaka kikaisha.

“Ah! Mama, chai hii! Mjini hatuipati.”

“Ongeza, baba.”

Akamwongeza. Akanywa na cha pili mpaka kwenye machicha. Bernadeta alisimama mbele yake na birika mkononi, akingoja kikombe kishuke kutoka mdomoni.

“Umekunywa, Leonard.”

“Nimekunywa mama, asante.”

“Vikombe viwili. Dawa ya mende, ya kupe na ya panya. Mwenzako mgeni ameogopa, maana yeye anaamini. Wewe umekunywa mpaka machicha.”

Kijana wa kamera akashusha kamera.

“Ulijua,” Bernadeta akasema, na sasa sauti ilipanda, ilisikika mpaka kwa jirani. “Ulijua siku ile ile ya msiba! Ulicheka mpaka ukavua miwani! Ukajua, ukanyamaza, ukaisingizia ardhi ya mama yangu mbele ya kaburi lake, halafu ukatuma lori bovu kuja kuinunua pilipili ile ile kwa bei ya mchanga! Mwanangu kaibeba begani! Imo kwenye magunia yako meupe, inakwenda Ulaya na cheti juu! Jesca! Mtafsirie huyu mzungu. Neno kwa neno, kama ulivyotafsiri siku ile.”

Jesca akamwangalia Leonard.

“Mwambie mama anashukuru,” Leonard akasema haraka, kwa Kiswahili, anatabasamu kwa meno tu. “Jesca. Kazi unaitaka?”

Jesca akasema maneno machache kwa Kiingereza, macho yakiangalia chini. Mkaguzi akaweka mkono kifuani, akainama kidogo kwa Bernadeta, anatabasamu.

“Asante sana, mama,” akasema.

Bernadeta akalielewa lile tabasamu: maneno yake hayajafika. Hakumtukana. Aliinama, akachukua kile kikombe mgeni alichokiogopa, akakinywa chote kwa mkupuo mmoja, anamwangalia machoni. Akakipindua, tone la mwisho likadondoka kwenye vumbi.

Mzungu akaacha kutabasamu. Akauliza kitu. Jesca akainamia viatu vyake. Mzungu akamgeukia Leonard, akauliza tena, sasa uso umekunjamana.

Leonard akacheka. Akamshika mkaguzi bega, akaongea Kiingereza chake cha haraka, na katikati ya kile Kiingereza wote waliokuwa uwanjani walisikia neno moja la kwao: utani. Akalisema mara mbili. Anaonyesha mkono huku na huku, mila ya huku, wazee wa huku, usijali, utani.

Kumbe alikuwa anajua kulieleza.

“Si kweli!” Bernadeta akasema. “Mtani wangu mimi ni Yeremia. Ananitukana mbele ya maiti, na nikifa atanizika. Wewe si mtani wangu, Leonard. Ondoka kwenye shamba la mama yangu.”

“Mama, punguza jazba. Hili shamba ni la mzee Athanas, na tumeelewana naye.”

Ndipo Athanas akasimama kutoka kwenye kile kigoda. Akaishika ile fulana chini kwa mikono yote miwili, akaivua, ikakwama kwenye pua, akaivuta kwa nguvu mpaka mshono ukalia. Akabaki kifua wazi, mbavu zote unazihesabu. Akamtupia Leonard fulana kifuani.

“Mimi hapa mkwe tu,” akasema. “Mwenye shamba kashasema.” Akamgeukia kijana wa kamera. “Wewe, unataka picha? Piga. Piga sasa hivi nilivyo.”

Yule kijana hakupiga.

Leonard akakunja fulana taratibu, akaiweka kwapani. Alipoongea, adabu zote zilikuwa zimekwisha. “Kesho kikundi chote kinafungwa, mama. Ukakae na hao arobaini uwaeleze.”

“Nitawaeleza. Wote walikuwepo, wote walicheka. Nenda.”

Wakateremka. Leonard mbele, mkaguzi katikati anageuka geuka nyuma kuangalia, Jesca mwisho, analia bila kujificha.

Njiani wakapishana na Josephina, anapanda mbio, kitenge mkononi, na nyuma yake akina mama Upendo, na mpimaji, na wengine, wamesikia kelele na lile tishio la kufunga kikundi, nyuso zimeiva kwa hasira. Bernadeta aliwaona wanavyokuja. Akamwambia Athanas aingie ndani avae shati, kisha akachukua birika, akalijaza maji, akalirudisha jikoni kuwachemshia chai.